Mzinga wa Ange

Kasulu, 9 Juni 2013

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kile kikohozi kimeniacha, na naomba barua hii ikukute nawe unatembea vizuri na mama goti limetulia. Mama Nasma anawasalimu. Bado nakaa kwake, namsaidia dukani kupima vitenge.

Matokeo ya kidato cha sita yametoka. Baolojia na kemia nimefaulu. Fizikia nimeanguka. Kwa matokeo hayo udaktari hakuna, labda nirisiti fizikia mwakani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na nikianguka tena ndiyo basi, mwaka umekwenda bure. Chuo cha ualimu wananipokea. Nimechoka, baba. Nataka niwe mwalimu nipumzike.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza, acha kuandika "Daktari Ange" juu ya bahasha. Barua zako zinaachwa ofisi ya basi, na yule kaka wa mizigo kila nikienda ananifunulia shingo nimwangalie upele. Nikamwambia ni fangasi, akaniuliza dozi.

La pili, urine asali ya mzinga wangu.

Binti yako,
Ange


Kitahana, 30 Juni 2013

Mwana wanje Ange,

Marahaba, na amahoro, amani iwe nawe. Sisi tupo, tunapumua. Goti la mama yako linauma siku za kupalilia tu, siku za harusi limepona. Ningekupigia simu, lakini huku mtandao unapatikana juu ya kichuguu, na nikishafika juu maneno yote yamenitoka. Barua inanivumilia.

Bahasha nimekusikia. Hilo la mzinga ndilo limenikalia kooni. Unajua unachokiomba? Tangu babu yako avuke kutoka Burundi na mzinga kichwani, kwetu kila mtoto akianza shule anatundikiwa wake, na haurinwi mpaka amalize. Wako upo pale pale kwenye mninga wa bondeni, na nyuki wamekaa humo kama wenye nyumba. Siku nikiurina Kitahana yote itanusa na kusema binti wa Pasikali kamaliza. Watakuja na vikombe waulize umepangiwa hospitali gani. Nitawajibu nini?

Juzi nilikuota. Umevaa koti jeupe, unapita katikati ya miti polepole, nyuki wanakufuata na hakuna anayeuma. Nikakuita, hukugeuka. Nilipoamka mto ulikuwa unanuka nta. Mama yako anasema ni kofia yangu ya kurinia.

Nijibu kitu kimoja tu. Umechoka, au umeogopa?

Baba yako,
Pasikali


Kasulu, 21 Julai 2013

Baba,

Shikamoo tena. Afya yangu ni njema, usingizi ndio mbaya. Mpe mama pole ya goti, na wewe umwache apumzike.

Nimeogopa. Umeuliza wazi, nami nakujibu wazi.

Mimi pia naota. Nipo chumba cha mtihani, karatasi iko mbele yangu na ni nyeupe. Naigeuza, nyeupe. Nje kuna ukungu kama ule wa asubuhi za kwetu, unaingia dirishani na kukaa juu ya madawati. Msimamizi ni wewe. Unanitabasamia, halafu unatoka kwenda kuwaambia watu kwamba nimefaulu. Nakuita urudi na sauti haitoki.

Fizikia naweza kuisoma, hata Nasma anasema hivyo, na tulisoma naye darasa moja. Ninachoogopa ni uso wako siku nikianguka mara ya pili. Huo siwezi.

Kujiandikisha kunafungwa mwisho wa Septemba. Ukirina ukaniletea asali, nitajua umekubali nimemaliza, nitaenda ualimu na moyo utatulia. Nakuomba, baba.

Binti yako,
Ange


Kitahana, 25 Agosti 2013

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Sisi ni wazima.

Nimerina. Asali hiyo hapo kwenye ndoo, dereva wa basi ameipitia hapa nyumbani, nimemwambia asiikalie. Masega ya nyuma sikuyagusa. Tunayaacha siku zote, nyuki wasihame. Uliniambia nirine, hukuniambia niushushe mzinga. Bado unaning'inia na wenyewe wamo.

Usishangae mwandiko, naandika nimejiegemeza.

Baba


Kasulu, 8 Septemba 2013

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili. Wewe sijui, na nitakuuliza mwisho wa barua hii, usijifanye hukuona.

Ndoo ilifika Jumatano. Mama Nasma alileta sahani akasema tuonje ya daktari, nikamwambia mimi si daktari, akasema haya, tuonje ya mwalimu. Nikachovya kidole. Baba, nilikuwa nimeingoja asali hii kama mtu anayengoja ruhusa ya kulala. Nilipoilamba ikanijia harufu ya bondeni, moshi wako, na mimi mdogo nimeshika kamba pale chini huku wewe uko juu unaniambia nisitazame jua. Nikadhani nitapumzika. Badala yake nililia palepale dukani, mteja amesimama na kitenge chake mkononi. Nilijiona kama niliyefiwa. Ndipo nikajua sikutaka unikubalie. Nilitaka unikatalie, ili niendelee bila kusema kwamba nimetaka mwenyewe.

Basi nimetaka mwenyewe. Kesho yake nilikwenda nikajiandikisha kurisiti fizikia. Mwalimu wangu wa zamani amekubali kunifundisha jioni baada ya duka.

Sasa swali langu. Masega yamefika yamevunjika na yana mchanga. Wewe hujawahi kurina asali yenye mchanga tangu nikujue. Nani alikushikia kamba?

Binti yako,
Ange


Kibondo, 22 Septemba 2013

Ange mwana wanje,

Amahoro. Naendelea vizuri, na safari hii ni kweli. Nakuandikia kutoka kitanda cha hospitali, wodi ya wanaume, karibu na dirisha.

Hakuna aliyenishikia. Ningemwita jirani yetu Leonidasi, Jumapili kanisa zima lingejua mzinga wa Ange umerinwa na Ange ameacha. Nikasema nitapanda peke yangu, mama yako akiwa kwa dada yake huko Gwarama. Ndoo niliifunga kwa mkanda wa suruali. Ndoo ikashuka, nami nikaifuata. Mguu umevunjika chini ya goti. Nilijikokota mpaka nyumbani, nikakaa nikijidanganya kuwa umeteguka, mpaka mama yako aliporudi akauona. Maneno aliyoniambia siyaandiki, karatasi ya serikali hii. Mfupa ulikuwa umeanza kushika vibaya, wakaunyoosha upya, sasa nimefungwa plasta ngumu na dawa zao zinanielea kichwani. Mchana nasinzia naona mininga imesimama kati ya vitanda, na nyuki wanaingia kwenye chupa za maji.

Mzee wa kitanda cha pili ameniuliza habari za watoto wangu. Nikamwambia nina binti anaitwa Ange. Akauliza anafanya kazi gani. Zamani ungejua nitakavyojibu. Nikamwambia bado anasoma, na akishindwa ni binti yangu vilevile. Nilipolisema kwa sauti ndipo nikaona sijawahi kukuambia wewe.

Ulisema unaogopa uso wangu. Sasa hivi una mkwaruzo kutoka jichoni mpaka kidevuni, hautakuwa mbaya kuliko hapo. Mimi nimeanguka, mama yako kanitukana, kisha akanipikia uji. Ukianguka tena utakuja nyumbani. Uji upo.

Usije kuniuguza. Ukija nitazidisha kuchechemea ili ukae, najijua. Soma.

Baba yako


Kitahana, 27 Aprili 2014

Mwanangu,

Habari za huko? Sisi ni wazima. Natembea kwa fimbo, kupanda miti wamenikataza, na mama yako ndiye polisi.

Tangu ile barua yako fupi ya Krismasi hujaandika. Mama yako ananung'unika, mimi moyoni nafurahi. Najua jioni zako zimekwenda wapi.

Juma lijalo unaingia mtihani. Sijamwambia mtu. Wakiniuliza daktari yuko wapi, nasema Ange yuko Kasulu, hajambo. Jana niliota chumba chako kile chenye ukungu. Safari hii mimi sikuwa msimamizi. Nilikuwa nje, nimekaa kwenye jiwe, nakungoja utoke twende nyumbani. Sikukuuliza chochote. Nimeamka nimepumzika kabisa.

Barua hii haihitaji jibu.

Baba yako


Kasulu, 20 Julai 2014

Baba mpendwa,

Shikamoo, na mama shikamoo. Naomba mguu wako uwe umekaza, maana nina kazi ya kukupa ingawa hutapanda.

Nakuja Jumamosi na basi la kwanza. Mwambie Leonidasi atupandie kwenye mninga wa bondeni. Kamba nitaishika mimi. Wewe utakaa pembeni na fimbo yako umwelekeze, na najua utamchosha kwa maelezo. Masega ya nyuma ayaache, wenyewe wasihame.

Na safari hii tusifiche. Waambie kanisani. Waambie majirani wote waje na vikombe, na wakikuuliza ni hospitali gani, uwajibu kwamba bado miaka mingi, kwanza chuo.

Nilipoona matokeo nilikuwa dukani. Mama Nasma alipiga vigelegele, wateja wakaingia kuuliza anauza nini. Mimi nilitafuta pa kukaa, nikakaa juu ya gunia, na kitu cha kwanza kilichonijia si koti jeupe. Ulinijia wewe, umekaa kwenye jiwe lako, huulizi chochote.

Ile bahasha, baba. Nikirudi Kasulu utaniandikia kama kawaida, barua itaachwa ofisi ya basi kwa yule kaka wa shingo. Ukipenda, andika juu yake lile jina nililokukataza.

Binti yako,
Ange