Bei ya Besi ya Baba

Pucallpa, 9 Mei 2024

Kwako dada yangu Orfelinda,

Nakusalimu wewe, shemeji Fausto, na wanangu wote wa huko Arequipa. Natumaini magoti yako yamepata nafuu na baridi ya huko bado haijaonyesha makali yake. Fausto bado anagombana na televisheni? Sisi hapa hatujambo. Nilda anakusalimu sana na anasema lile sweta ulilomwachia analivaa zile siku mbili tatu za mwaka ambazo Pucallpa nayo hujifanya ina baridi. Mvua zimechelewa kuondoka mwaka huu. Mto ulipanda mpaka ngazi ya tatu ya nyumba ya jirani, ukatulia hapo siku nne, ndipo ukarudi. Paa la jikoni nimelibadilisha, halivuji tena.

Ningeweza kukupigia simu, lakini unajijua mwenyewe. Kila nikimtaja baba, sufuria yako inaanza kuungua. Ndiyo maana nimekaa chini kukuandikia, ili usome ukiwa na nafasi.

Siku ile uwanja wa ndege, baada ya mazishi ya baba, uliniambia lile gitaa la besi niliuze tukagawane, kwa sababu hutaki kulisikia wala kuliona. Nilikuahidi nitaulizia bei kwa watu wanaojua, nisije nikapunjwa. Nimeulizia. Imenichukua wiki saba, na majibu niliyoyapata ndiyo haya.

Kwanza nililipeleka kwa don Teófilo Barbarán, yule mwenye duka la vyombo vya muziki nyuma ya soko. Alipofungua sanduku na kuona mbao zile za rangi ya asali iliyoungua pembezoni, alipiga mluzi. Aliniambia ni la Kijapani, la miaka ya sabini mwanzoni, na kwamba magitaa kama hayo watu wa Lima wanayasaka kwa tochi. Nikaanza kuhesabu vifaranga, nakiri. Kisha akalipindua, akavaa miwani, na uso ukabadilika. Alinionyesha kasoro moja baada ya nyingine kwa kidole, kama mwalimu anayesahihisha daftari la mtoto mzito. Vitufe vya sauti vimehamishwa kutoka mahali pake. Matundu ya zamani yamezibwa kwa vipande vya mti. Ile pembe ndefu ya mwili imekatwa. Kile kipande cha mfupa kinachoshika nyuzi juu ya shingo kimegeuzwa. Sumaku za kunasa sauti si zake, zimetoka kwenye gitaa jingine. Na ukingo mzima wa upande mmoja umelambwa kwa tupa.

“Nani alilifanyia unyama huu?” aliniuliza.

Nikamwambia ni marehemu baba.

“Basi Mungu amsamehe. Lingekuwa halijaguswa, ningekupa soli elfu mbili na mia tano hapa hapa, bila kukaa chini. Hivi lilivyo nakupa mia tatu na hamsini, tena kwa ajili ya shingo tu. Mwili nitautundika ukutani. Don Lizardo, hapa umeniletea kuni zenye nyuzi.”

Nilifunga sanduku nikaondoka. Njiani nilikasirika kuliko jambo lenyewe lilivyostahili, na sababu yake utaiona mbele.

Wiki mbili baadaye nililipeleka kwa Wenceslao Icahuate, fundi wa spika na magitaa, anayekaa karibu na bandari ya mbao. Huyu hauzi, anatengeneza tu, kwa hiyo hana sababu ya kusifia wala kuponda. Hakuvaa miwani hata. Alianza kwa kuligonga gonga kwa kifundo cha kidole, akisikiliza kila mahali. Akatazama shingo kwa jicho moja kama mtu anayelenga bunduki, akasema imenyooka, na kwa unyevu wetu huu, shingo ya miaka hamsini iliyonyooka ni ya mtu aliyeitunza kama mgonjwa. Alipoyafikia matundu yaliyozibwa aliinama karibu zaidi. Akapitisha ukucha pale kiraka kinapokutana na mbao, na ukucha haukukwama.

Aliniambia gitaa hili halikuharibiwa, liligeuzwa. Lilitengenezwa kwa mtu wa mkono wa kulia, na mtu mwingine akalifanya la mashoto, akifikiria kila kitu: pembe ilikatwa ili mkono ufike chini kabisa ya shingo, vitufe vilihamishwa visigongwe na mkono, ukingo ulilambwa ili mkono unaopiga upumzike. Anayetafuta gitaa la makumbusho atalia akiliona, alisema, lakini mashoto anayetaka kupiga muziki hatapata jingine kama hili kuanzia hapa mpaka Iquitos. Alisema kwa mtu huyo lina thamani ya soli mia tisa, hata elfu na kidogo.

Kisha akaniuliza kama baba alikuwa mashoto tangu kuzaliwa. Nikasema hapana, alipiga kwa mkono wa kulia mpaka alipofikisha miaka thelathini na minane, akaumia vidole vya kushoto, ndipo akaligeuza. Akauliza aliumiaje. Nikamwambia kama tunavyosema siku zote nyumbani, kwamba alilewa akabana mkono wake mwenyewe kwenye mlango wa lori.

Wenceslao akacheka kidogo. “Mlevi hatoboi hivi, kaka. Matundu haya yametobolewa na mtu ambaye hata kahawa alikuwa anaiogopa isimtetemeshe mkono.”

Nilitaka kumlipa kazi yake, akakataa pesa, nikamwachia samaki niliokuwa nimewanunua kwa ajili ya Nilda.

Ni Wenceslao huyo huyo aliyenitumia Yesenia Shupingahua, binti wa miaka ishirini na sita anayepiga besi katika bendi ya cumbia ya vijana wa Yarinacocha. Huyu ni mashoto wa kuzaliwa. Miaka yote amekuwa akipiga gitaa la kuazima la mkono wa kulia, amelishika juu chini, nyuzi nene zikiwa chini na nyembamba juu. Alikuja Jumapili mchana. Nilda akamwekea maji ya tunda la cocona na sahani ya tacacho, ndizi zetu za kuponda, naye akala kwanza bila haya, ndipo akafuta mikono kwenye suruali na kulichukua gitaa.

Orfe, huyu binti hakupiga wimbo. Alipiga noti moja, akaiacha iishe. Akapiga nyingine. Akateremka shingo yote mpaka mwisho, akarudi, halafu akaulaza mkono pale palipolambwa, na nikaona mabega yake yameshuka.

“Mama yangu,” alisema, “aliyekata hapa aliujua mkono wangu?”

Nilda akacheka, akamwambia asionyeshe furaha namna hiyo mbele ya muuzaji, bei itapanda. Yesenia akasema imeshapanda, anaiona usoni mwangu. “Lakini usinitazame hivyo, don Lizardo, mimi si benki. Nina elfu moja na mia moja, na nikikupa hizo nitakula ndizi mpaka Krismasi.” Nilda akamwambia ndizi zipo, aje ale hapa. Walielewana hao wawili kana kwamba wamekua pamoja.

Halafu akaniuliza tena, safari hii bila mzaha, ni nani aliyelikata na kwa nini. Nikafungua kinywa nimwambie ile habari ya ulevi, ikakataa kutoka. Nilimwambia nitamjibu Jumamosi. Akadhani nataka pesa zaidi, akaenda zake akiwa mnyonge.

Usiku ule nilimwambia Nilda. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na ndiyo mara ya kwanza kumwambia mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kitu kimoja tu, kwamba yeye si mtu ninayepaswa kumwambia. Kwa hiyo nakuandikia, dada yangu. Nakuomba usiichane karatasi hii kabla hujafika mwisho.

Unaikumbuka wiki ile kabla ya sikukuu ya San Juan, mwaka 1987. Bendi ya baba ilikuwa ishuke mto kwenda Contamana kupiga kwenye sherehe, kisha wapande ndege kwenda Lima kurekodi. Pesa za Lima zilikuwa za chuo chako cha uuguzi, ulikuwa umeshashona hata sare. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba alikuwa ameniahidi kunipeleka Contamana, na asubuhi ile wakipakia spika kwenye lori, akaniambia sitakwenda, nafasi kwenye mashua imejaa. Nilimtukana. Alikuwa amesimama kando ya mlango wa lori, ameshika nguzo ya mlango kwa mkono wa kushoto, anaongea na dereva. Mimi nilikuwa ndani. Nikashuka upande ule na kuubamiza mlango kwa nguvu zangu zote.

Sikukusudia mkono wake. Nilikusudia kelele tu. Lakini niliuona mkono kabla mlango haujafika, Orfe, na sikuuzuia mlango. Sijui kama ningeweza kuuzuia. Miaka thelathini na saba najiuliza hilo na sijapata jibu, kwa hiyo nawe sikupi.

Hakupiga kelele. Dereva ndiye aliyepiga. Baba aliufungua mlango mwenyewe kwa mkono wa pili, akautazama mkono wake, kisha akanitazama mimi. Akasema, “Wewe hukuwapo hapa. Nenda nyumbani.” Nilisimama tu. Akamwambia dereva ampe ile chupa ya pombe kali aliyokuwa akiificha chini ya kiti. Akanywa funda moja, nyingine yote akaimwaga kwenye shati lake. Nilipokuwa nakimbia nilimsikia akimwambia dereva, “Nilikuwa nimelewa. Umeelewa? Nimejibana mwenyewe.”

Alikuwa anamjua kiongozi wa bendi na hasira zake. Alimjua pia mama. Lakini nadhani zaidi alikuwa ananijua mimi.

Mengine unayajua vizuri kuliko mimi, kwa sababu yalikuangukia wewe. Bendi ikampata mpigaji mwingine ndani ya siku tatu. Lima ikafa, na chuo kikafa. Na siku ile mezani ulimwambia, “Masomo yangu umeyanywa, baba.” Alisema ndizi zimeiva vizuri, akaomba aongezewe. Mimi nilikuwa nimekaa kati yenu, natazama sahani yangu. Mwezi uliofuata ukapanda basi kwenda Arequipa.

Hukuwapo alipoanza kuligeuza gitaa. Ilimchukua mwaka mzima, kwa keekee ya kukopa na mkono wenye vidole viwili na nusu. Kila tundu alilipima siku nzima kabla ya kulitoboa. Kisha akaanza kujifunza upya kama mtoto, mkono wa kulia shingoni, wa kushoto ukipiga kwa dole gumba. Jirani walilalamika. Baada ya miaka minne alikuwa anaitwa kwenye ubatizo na sherehe za uwanja wa mpira, na alikuwa akitoka jioni amechana nywele. Nilimwomba mara mbili nikuambie ukweli. Mara ya kwanza alisema wewe bado una hasira na barua itakuumiza. Mara ya pili, ilikuwa mwaka juzi, alisema amezoea. Nami nikaona hilo linatosha, kwa sababu lilinifaa mimi.

Jumamosi Yesenia alikuja na pesa zake kwenye soksi. Nilimweleza ni nani aliyekata, na kwa nini, na ni nani aliyembana mkono. Akauliza kama wewe unajua. Nikasema bado. Akazirudisha pesa kwenye soksi na kusema hawezi kununua kitu ambacho wewe unakiuza bila kujua ni nini. Binti wa miaka ishirini na sita huyo.

Kwa hiyo halijauzwa. Nimemwazima, kwa sababu bendi yao itapiga San Juan, tarehe 24 Juni, pale uwanjani Yarinacocha. Ukisema liuzwe, litauzwa kwake kwa mia tisa aliyosema Wenceslao, na nusu yako utaipata. Ukisema libaki, litabaki. Nakuomba uje ulisikie kwanza. Tikiti nitakukatia mimi. Utalala kwa dada yake Nilda, ameshatandika kitanda. Kama hutaki kuniona, mimi wiki hiyo nitakuwa Contamana na kazi ya mbao, na sitarudi mpaka Nilda aniambie umeondoka. Ukitaka kwenda tena kaburini, Nilda atakupeleka.

Msalimie Fausto, wabusu watoto. Jihadhari na magoti kwenye ngazi.

Baba hakuwa amelewa, dada. Hilo ndilo nililotaka kukuandikia. Mengine yote ni bei tu.

Mdogo wako,
Lizardo