Makochi ya Wakili

9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi huku ni mzima, nakula na kulala vizuri, ila baridi ya asubuhi inanikomoa. Sijui ninyi. Mgongo wako unasemaje? Na Mama, kikohozi kimeisha au bado anakificha?

Nimepokelewa salama. Chumbani tuko wanne, mimi nimepata kitanda cha juu karibu na dirisha. Wenzangu wote watatu wamesoma shule za kulipia tangu chekechea. Wananiuliza kwetu ni wapi, nikiwaambia wanasema "aah", halafu wanabadilisha mada.

Ulitaka nikueleze mahojiano yalikwendaje, maana siku ile ulikuwa na mteja ukanikatia simu. Baba, watu walijaa ukumbi mzima, wengine wamesimama hadi kwenye ngazi, na nafasi za ufamasia ni arobaini tu. Mbele yangu walikaa watatu. Mama mmoja wa miwani akaniuliza kwa nini wanichague mimi wakati matokeo ya wengine yanalingana na yangu. Nikamwambia kwetu kochi bovu likiletwa, baba halitii kiraka, analifungua lote mpaka fremu aone ugonjwa uko wapi, na mimi nimelelewa hivyo. Wakacheka. Nikatoka nikijua nimeshaharibu. Kumbe wapi.

Sasa ada. Ni ile ile uliyoiona ukauliza kama wanauza chuo chenyewe. Muhula huu wameniruhusu nisome wakati wanachunguza kama tunastahili ufadhili. Ukipatikana, nitasoma bila kulipa hadi mwisho. Usipopatikana, hata ukiuza karakana na vyote vilivyomo hatufiki mwaka wa pili. Kwa hiyo mambo yote yanategemea huo uchunguzi. Kuna mtu wa chuo atakuja nyumbani kuona tunavyoishi. Usihangaike naye. Mpe maji ya kunywa, mjibu anachouliza, basi.

Mwanao,
Sindano


3 Machi

Sindano wangu,

Marahaba, mwanangu. Sisi wazima. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Kikohozi cha mama yako kimekwisha, sasa kilichobaki ni maneno. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na hapa huwezi.

Mgeni wako alikuja Alhamisi. Alipiga simu mapema kusema anakuja, kwa hiyo alinikuta nimejiandaa. Nimekusitiri, mwanangu, sikiliza.

Wewe unaijua sebule yetu. Kinyozi hajinyoi. Mtaa mzima unakalia kazi ya mikono yangu, na kwangu mimi kuna benchi moja na marobota ya sponji. Sasa bahati nzuri seti ya makochi ya mteja wangu mmoja, wakili, ilikuwa imekwisha, inangoja usafiri. Velveti nyekundu ya damu ya mzee, vifungo mgongoni, miguu ya kuchonga. Tukaiingiza ndani mimi na jirani. Mama yako alinikataza, akasema makochi ya watu hayakaliwi. Nikamwambia mgeni wa mtoto hawezi kukalishwa juu ya sponji kama paka. Jirani akaniazima na meza yake ya kioo. Nikavaa koti la harusi, na bado linafunga, ukivuta pumzi kidogo.

Mgeni akaingia, akazama kwenye kochi, akapapasa egemeo lake la mkono. Akasema, "Mzee, mmejaliwa." Akauliza nimeyatoa wapi, nikamwambia nimeyashona mwenyewe, na huo si uongo. Akaandika. Akanywa soda mbili. Nilimsindikiza hadi barabara kuu nikitembea kifua mbele, na majirani walituona.

Jambo moja. Karani mstaafu, yule anayejua kila kitu, anasema hata wanaomaliza hapo kwenu wanakaa nyumbani na vyeti vyao ukutani. Ulizia, uniambie ukweli. Mtu asije akavuka bahari kufuata maji ya kunywa.

Baba yako


21 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Salamu ni wajibu, nimezitoa.

Kamati ya ufadhili imenijibu. Wamesema familia yangu ina uwezo, kwamba mtu wao alikuta nyumba yenye samani za thamani. Ombi limekataliwa. Natakiwa nilipe ada yote ya muhula kabla ya mitihani, la sivyo nafasi yangu wanampa mtu mwingine, na wanaosubiri ni wengi.

Nimekasirika, Baba. Nimekasirika nawe na siwezi kujifanya vingine. Nilikuambia maji ya kunywa. Nilimaanisha maji ya kunywa. Nimelia chooni ili wenzangu wasinione, halafu nikaenda darasani nikiwa na macho kama nyanya.

Kukata rufaa kunaruhusiwa mara moja tu. Nakuomba uwaandikie mistari miwili. Sema makochi yalikuwa ya mteja, sema na sebule yetu ilivyo kweli. Mistari miwili tu. La karani nitakujibu siku nyingine.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Barua nimeisoma. Mama yako naye ameisoma, na hajasema "nilikuambia", jambo ambalo linaniumiza kuliko angesema.

Sitaandika. Tangu nianze kushika nyundo sijawahi kumwambia mtu kwamba sina. Wateja wananikuta nimevaa shati safi, nawakopesha hata uzi. Sasa niwaandikie watu nisiowajua kwamba kwangu mgeni hana pa kukaa, waisome wakiwa mezani, waipitishe mkono kwa mkono? Hapana.

Nitaitafuta hiyo ada. Kuna hoteli inataka kushonewa makochi ya ukumbini, kazi kubwa. Nitashona hadi vidole vikatike. Wewe kaa kimya, usiende kuwaeleza mambo ya nyumbani.

Baba yako


17 Mei

Baba,

Shikamoo. Mwezi na nusu umepita hamjaniandikia, na mimi sikuwaandikia. Mama alinipigia, nikajua mu wazima. Amesema unalala karakanani na kwamba mgongo umekulaza siku mbili. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Sikukaa kimya. Nilikwenda kwenye kamati. Nisamehe, au usinisamehe, lakini nilikwenda. Yule mama wa miwani alikuwepo. Nikawaambia makochi ni ya wakili, na kwetu tuna benchi. Mmoja wao akasema, basi ama baba yako alimdanganya mtu wetu, au wewe unatudanganya sisi, na kwa vyovyote vile mdanganyifu hasomeshwi hapa. Nikamjibu kwamba baba yangu si mwongo, ni mtu anayeheshimu wageni. Wakanitoa nje, nikasubiri, wakaniita. Watatuma mtu mwingine, na safari hii hatapiga simu kwanza. Mpaka hapo wameniacha niendelee na darasa.

Nimepata kazi ya kuosha vyombo jikoni hapa chuoni, jioni. Wenzangu wa chumbani wananipitishia sahani zao dirishani, siku hizi wananisalimia vizuri zaidi kuliko zamani. Likizo sitakuja, jikoni wanahitaji mtu.

Sasa la karani. Niliuliza, na sikuuliza ofisini, maana kule ukiuliza wanakupa kitabu chenye picha za watu wanaocheka. Niliwauliza wenyewe. Waliomaliza ufamasia mwaka jana wengi wana kazi, kwa sababu mwaka wa tatu wanapelekwa hospitali na viwandani, na huko mtu mzuri haachiwi aondoke. Lakini si wote. Yupo kaka mmoja anauza vifuniko vya simu nje ya geti letu, alimaliza na alama nzuri, anaongea na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kama mjomba. Ameniambia nisidanganyike, wengine waliingia kazini kwa kujulikana, na yeye hajulikani. Kwa hiyo karani hajakosea sana. Siwezi kukuahidi kazi, Baba. Nakuahidi kumaliza.

Huyo mtu akija, mwache aone.

Mwanao,
Sindano


8 Juni

Sindano,

Marahaba, mwanangu. Mgongo umerudi, unafanya kazi. Mama yako anakusalimu, anasema uache kuosha vyombo kwa maji baridi. Kuhusu kwenda kwako kwenye kamati sikuandikii kitu. Nilinuna wiki nzima, nikachoka.

Mtu wao amekuja. Sasa nisikilize, na usisimame katikati.

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Bati la karakana unalijua, linavuja kama chujio. Makochi ya hoteli yalikuwa tayari, ya rangi ya maziwa, tone moja la maji linaacha doa. Ningeyaweka wapi? Tukayaingiza sebuleni, yakajaa hadi mlangoni, mama yako anapita ubavuubavu kama kaa. Gari la hoteli lilikuwa lije mchana kuyachukua. Asubuhi hiyo hiyo, hodi. Ni msichana wa rika lako, ana mwavuli na faili, anatoka chuoni.

Akatazama ndani, akanitazama mimi, akauliza kwa upole, "Mzee, na haya nayo ni ya mteja?" Nikasema ni ya hoteli, yanachukuliwa leo. Akatabasamu, na lile tabasamu nikalielewa. Ni lile ninalowapa wateja wanaosema watalipa kesho. Nikampigia meneja wa hoteli, hapokei. Nikapiga tena, hapokei. Yule binti akaanza kufunga faili.

Hapo ningeweza kununa. Ningeweza kumwambia kama huamini nenda, nikabaki na heshima yangu na benchi langu. Nikamwambia, "Binti yangu, usiyaamini maneno yangu. Kaa usubiri uone."

Akakaa. Alikaa kwenye kochi la hoteli, akanywa chai ya mama yako. Mchana ukafika, gari hakuna. Mama yako akamaliza habari zote za mtaa, akaanza za mtaa wa pili. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni natazama barabara kama mtu anayesubiri mgonjwa. Alasiri ndipo likaja. Wapagazi wakaingia na viatu vyenye matope, nikawapigia kelele, wakavua. Wakatoa kochi la kwanza, la pili, la tatu, mpaka likabaki moja tu, lile alilokalia. Wakamwomba radhi. Akanyanyuka, wakalibeba.

Tukabaki watatu tumesimama sakafuni. Mama yako akaanza kuokota nyuzi ili asitutazame. Binti akauliza, "Kwa hiyo ninyi huwa mnakaa wapi?"

Nikamwonyesha robota la sponji. Nikamwambia, "Hapa. Hatuna kiti." Nilidhani nitakufa kwa aibu, lakini sikufa. Akalikalia lile robota, mama yako akakaa kwenye benchi, mimi nikachuchumaa. Akauliza mara ile ya kwanza kwa nini nilifanya vile. Nikamjibu alikuwa mgeni wa mwanangu. Akaandika kwa muda mrefu, na sikuchungulia.

Ukisikia neno, nijulishe upesi.

Baba yako


25 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, hii ya pili ni ya yale makochi ya hoteli. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na chumba kizima wameisikia, maana walitaka kujua nacheka nini halafu nalia nini.

Wamekubali. Ufadhili wa masomo yote, kuanzia muhula ujao. Huu unaokwisha nimepewa nafasi ya kuulipa kidogo kidogo kwa kazi ya jikoni, na usithubutu kunitumia hela, bado nakumbuka habari za mgongo. Mitihani nimeianza, na wa kwanza nimetoka nikiwa na furaha.

Lakini kuna sharti, na nimelizunguka siku mbili kabla ya kukuandikia. Kwa sababu ya yaliyotokea, nyumba yetu itatembelewa kila mwaka hadi nimalize. Hawatatoa taarifa. Watakuja siku yoyote, watafungua milango, watauliza maswali yale yale. Na wanataka mzazi akubali kwa maandishi yake mwenyewe. Bila hayo wanaufuta.

Najua unachokisikia sasa hivi. Nakujua. Miaka minne, Baba, ya kuwaambia watu mlangoni kwako kwamba huna. Ukikataa sitakulaumu. Nitafunga sanduku, nitarudi, nitashika sindano karakanani na nitajaribu mwakani mahali pengine. Nasema kweli, nimeshapiga moyo konde kwa vyote viwili. Ila wanataka jibu kabla ya tarehe kumi.

Mwanao,
Sindano


1 Julai

Mwanangu,

Marahaba zote mbili. Sisi wazima.

Mama yako alinisomea barua yako nikiwa natandaza kitambaa, alipofika ile sehemu ya sharti akaniangalia. Nilitoka nje nikazunguka nyumba. Mwaka jana mtu angeniletea neno kama hilo, ningemtoa na nyundo.

Wape karatasi hii, imeandikwa kwa mkono wangu na sahihi yangu iko chini. Waje. Waje mvua ikinyesha, waje nikiwa kazini, waje ndani kukiwa na makochi ya watu. Kabla hawajakaa nitawaambia ni ya nani. Wakiniuliza sisi wenyewe tuna nini, nitawajibu hatuna, bila kumung'unya maneno, na majirani wakitaka wasikie.

Wewe soma.

Baba yako