Doa Lililokaa Palepale

Chanji, Sumbawanga
Jumapili, baada ya misa

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Dada yako alinipigia simu juzi. Unamjua alivyo mtu wa haya, alizunguka kwanza kwenye habari za mahindi na za watoto, mwisho akasema unaomba ile picha ya mama yako akipepeta ulezi, ile anayocheka. Unaitaka kwa ajili ya misa ya kumbukumbu na kwa ajili ya msalaba mtakaomwekea kaburini.

"Wifi, amesema umtumie tu kwenye simu," akaniambia. "Kimyakimya."

Hilo neno la mwisho ndilo lililonikalisha kuandika. Ulinichafua mbele za watu, mchana, kwa sauti. Sasa unataka wema wangu uje kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo barua hii ninaiweka kwenye ukurasa wa studio yangu, wanaposoma wateja wangu wote, wa mjini na wa Mpui. Picha ninayo. Kama utaipata, na utaipata vipi, nitakuambia nikishamaliza kukukumbusha mambo.

Unakumbuka siku tuliyoingia lile duka la vifaa karibu na stendi? Ilikuwa ile baridi yetu ya katikati ya mwaka, tumevaa makoti, mwenye duka anakunywa chai kwenye kifuniko cha chupa. Akaweka kamera mbili juu ya kioo. Moja nyeusi, kubwa, ile wanayoiita DSLR, ya kiwango cha wanaoanza, ina lenzi ya kuchomoa na nyingine ya akiba. Ya pili ndogo, rangi ya fedha, ya kuingia mfukoni, lenzi yake inachomoza ukiiwasha na kurudi ndani ukiizima. Fedha tuliyokuwa tumeweka akiba wote wawili ilitosha kamera moja tu.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kama mtu wa mtihani. Nilikuambia kazi yetu itakuwa ya kuzunguka vigangoni, kwenye makanisa madogo ya vijijini, kwa bodaboda, na barabara ya kuteremka Ilemba inatikisa mpaka meno. Nilikuambia upepo wa huku kwetu kiangazi unabeba vumbi mpaka ndani ya sufuria iliyofunikwa, na kamera inayofunguliwa kinywa italila vumbi hilo. Nilikuambia watu wa vijijini wakiona kamera kubwa wanasimama kama wanapigwa picha ya kitambulisho. Tuchukue ndogo, nikasema, na fedha itakayobaki tununue mashine ya kusafishia picha, ya kuzitoa kwenye karatasi.

Wewe ulikuwa umeshaivaa ile kubwa shingoni.

"Mama, nani atakulipa ukimpigia harusi na kiberiti?" ukaniuliza. Mwenye duka akacheka mpaka chai ikamwagika. Ukaongeza, "Hiki ukikitoa watadhani unataka kuwasha sigara. Hili jitu ukilinyanyua tu, bwana harusi anafunga vifungo vya koti mwenyewe."

"Dada naye amesema kweli," mwenye duka akajaribu kunitetea. "Hii ndogo unabonyeza tu. Hiyo inataka kusomewa kitabu chake."

"Huyu amefika kidato cha nne, atanisomea," ukasema, ukanipiga begani. Tukatoka nayo.

Nilikusomea kweli, kitabu chote, jioni baada ya jioni, pale kwenye kibaraza cha mama yangu. Ukurasa unaosema usibadilishe lenzi penye vumbi nilikusomea mara mbili. Ulikuwa unanitazama nikiandika shajara yangu baadaye na kunidhihaki, "Leo umeandika nini, ripoti ya polisi?" Nilikuwa nacheka. Nilikupenda, sitajidai kwamba sikukupenda.

Nitakutendea haki, jambo ambalo wewe ulishindwa kunitendea. Ndani ya kanisa ulikuwa sahihi. Pale madirisha ni madogo na padri hataki flashi inayowaka kila dakika, ile kubwa ilishika sura za watu vizuri. Miezi michache baadaye nilinunua ile ndogo kwa fedha aliyonipa mama yangu ya vitenge vya harusi yetu, na nilipoijaribu kwenye komunyo ya kwanza, nyuso zilitoka na chembechembe kama zimenyunyiziwa pumba, na watoto walikuwa wameshapokea na kugeuka kabla haijapiga. Kamera yako haikuwa mbaya. Kuna watu wanadhani hadithi yetu ni ya kamera nzuri na kamera mbaya, ndiyo maana nalisema hili. Mbaya ulikuwa wewe.

Twende Mpui, kigangoni kwenu, kwenye ile harusi. Mavuno yalikuwa yameshaingia ghalani, watu wana furaha, upepo unavuma tangu asubuhi. Maharusi wametoka kanisani, wamepelekwa kwenye uwanja ambao wiki hiyohiyo wanawake walikuwa wanapuria ulezi. Makapi yanaruka hadi kwenye shela. Nikakusogelea nikakunong'oneza, "Baki na lenzi hiyohiyo, piga hatua uwasogelee." Lakini vijana wa pale walikuwa wamekuzunguka, wanakuita Fundi Lenzi, na Fundi Lenzi lazima abadilishe lenzi watu waone.

Ukaichomoa. Ukailaza kamera chali juu ya meza, kinywa wazi kuelekea mbinguni, ukaanza kuwaeleza vijana kazi ya kila kitufe, mpaka kile kinachofungua pazia la ndani. Ulipoona ndani mna vumbi, ukapuliza kwa mdomo. Ulipoona mate, ukaingiza ncha ya leso ukafuta. Nilifumba macho. Kile kioo kidogo cha ndani, kinachopokea picha, hakifutwi hata kwa pamba. Wewe ulikifuta kwa leso uliyofutia jasho.

Picha zote za nje zilitoka na doa. Doa moja jeusi, lenye mkia kama mbegu ya boga, upande wa juu. Kwenye picha za kulala lilikaa angani, mtu angedhani ni mwewe. Kwenye zile za kusimama, za bibi harusi peke yake, lilikaa shavuni kwake. Nilisafisha chache nikakuonyesha, nikakuambia tuwaeleze wenyewe ukweli, niyaondoe madoa kwenye kompyuta taratibu, picha moja baada ya nyingine. Ukasema nisijali, utazungumza nao wewe.

Ulizungumza kweli. Tulikuwa tumekaa sebuleni kwao bibi harusi, baba yake, shangazi yake, katekista, na kamati ya harusi imejipanga ukutani. Shangazi akainua picha ya bibi harusi kwenye mwanga wa dirisha.

"Hiki nini? Mmemwekea mwanetu nzi?"

Baba akasema, "Mwanangu alitoka hapa hana hata chunusi."

Ukanielekezea kidole. Bado nakiona, kina pete niliyokununulia mimi. "Mzee, mimi nilipiga safi. Kompyuta ni ya huyu, aliyeziharibu ni huyu. Nilimwambia asizichezee."

Nilikuwa mchumba wako, mbele ya wazee wa kwenu. Nilikuwa nimelelewa kwamba mwanamume hakosolewi mbele za watu, na wewe ulilijua hilo ulipoinua kidole. Ulinisukuma mahali ulipojua siwezi kujitetea. Shangazi yule akanitazama toka kichwani mpaka kwenye viatu, akasema, "Shule nyingi, mikono michafu." Kwa muda mrefu baada ya siku ile, kutoka Mpui mpaka Chanji, niliitwa Dada Madoa. Hata mama mmoja niliyekuja kumpiga mwanawe picha ya paspoti aliniuliza kwanza kama nimenawa.

Sasa tufike kwenye picha unayoiomba.

Mama yako alituita kwake baada ya maneno yale kusambaa. Ulimpangia kiti nje, ukamvalisha kitenge kipya, ukamwamuru: miguu pamoja, mikono mapajani, kidevu juu. Ukampiga na jitu lako. Alikaa kama anayesubiri kusomewa hukumu. Kisha simu yako ikaita, ukaenda nayo nyuma ya ghala, ukakaa huko. Simu ile ilikuwa ya nani, siku hizi sote tunajua, maana ndiye uliyemfuata Dodoma.

Mama akavua kile kitenge kipya akakikunja, akajifunga cha kazi, akachukua ungo wake. "Hilo likubwa linanitazama kama hakimu," akaniambia. "Hako kako kadogo hakana shida, kama njiwa tu." Nikakatoa mfukoni. Akapepeta kidogo, halafu akaniuliza bila kuinua uso, "Mkwe, ni kweli wewe ndiye uliyeharibu zile picha?"

"Hapana, mama."

"Nilijua. Huyu mwanangu tangu mdogo, akivunja chungu alikuwa anamsingizia mbuzi. Siku moja tukamwuliza mbuzi gani, akasema yule mweusi. Mbuzi mweusi tulikuwa tumeshamla Krismasi!"

Akaangua kicheko, ulezi ukaruka, makapi yakashika jua. Nikabonyeza.

Hiyo ndiyo picha yako. Umeiona mara nyingi kwenye simu ya dada yako, nakala ndogo isiyofaa kusafishwa, na kila mara umesema mama alikuwa mtu wa furaha. Alikuwa. Lakini sasa unajua alikuwa anacheka nini. Anakucheka wewe, na kila utakapoitazama, hata ukiwa mzee, utakisikia kisa cha mbuzi mweusi. Nilikitunza muda wote huu nikisubiri siku ambayo utaihitaji picha hiyo kuliko kitu kingine chochote. Imefika.

Na ulipata bahati mbaya nyingine, ambayo sikuipanga mimi. Mama alipofariki mvua zinaisha, ulifika kutoka Dodoma na picha kubwa yenye fremu, ile ya kwenye kiti. Uliisafisha hukohuko. Mkono wangu haukuigusa, kompyuta yangu haijawahi kuiona. Ikatangulizwa mbele ya jeneza, na sote tuliokuwa msibani tukaliona: doa jeusi lenye mkia, upande wa juu, limekaa kwenye paji la uso la marehemu. Hukuwa umewahi kukisafisha kile kioo, au labda ulikifuta tena kwa leso.

Yule shangazi wa bibi harusi alikuwa amesimama mbele yangu kwenye msafara. Akasogea, akainama kuitazama fremu, akageuka nyuma.

"Hili doa nalijua," akasema. "Liko ukutani kwangu. Palepale."

"Ndiyo, shangazi," nikamjibu.

"Na hii nani kaisafisha?"

"Sijui. Imetoka Dodoma."

Akageuka mbele, tukaendelea mpaka makaburini. Wakati wa kunawa mikono akaja tena, akanishika kiganja, akakigeuza juu na chini mbele ya wanawake wote waliokuwa pale kwenye maji. "Mikono yake misafi," akasema kwa sauti, ili wote wasikie. Wewe ulikuwa umeshapanda gari. Ndugu zako walikuwa bado wanakunywa maji na wewe umeshaondoka. Nadhani ulisikia minong'ono.

Basi jibu langu ni hili. Ile picha ya ungo nimeisafisha, na nimempa kila dada yako nakala, na wadogo za mama yako, na jirani aliyemuuguza. Nimempa pia bibi harusi wa Mpui, pamoja na picha zake mwenyewe, ambazo nimeziondolea lile doa, zote, bure. Dada yako ameshapata ya msalaba. Uliyebaki ni wewe peke yako, na kwenye simu sitakutumia. Nimewaomba nao wasikutumie, na umekaa mbali nao kiasi kwamba hakuna aliyeona ugumu kunikubalia.

Ukiitaka, utasimama baada ya misa ya kumbukumbu, padri akishatoa baraka na watu hawajatawanyika, useme nani aliilaza kamera chali uwanjani Mpui, na nani alifuta kioo kwa leso. Utalitaja jina langu kamili, si la utani. Ukishasema, nitakupa nakala yako palepale, na deni letu litakuwa limeisha. Usiposema, utaiona pale msalabani kama wanavyoiona wageni wanaopita.

Na usifikiri utaingia na kutoka bila kuonana na mimi. Familia imeniajiri nipige picha za siku hiyo. Siku hizi ninayo kubwa pia, ya kubadilisha lenzi, niliinunua kwa kazi ya ile ndogo, na kioo chake cha ndani hakijawahi kuguswa na leso ya mtu. Mtajipanga watoto wote wa marehemu mbele ya kaburi, wewe kifungua mimba utakaa katikati. Nitakusogelea. Nitasubiri upepo utulie. Kila kilichopo usoni kwako siku hiyo kitatoka, na hakitakuwa doa la kamera.

Safari njema kutoka Dodoma. Vaa koti, huku kumeanza baridi.

Mimi,
ambaye mama yako aliendelea kumwita mkwe