Kidole cha Shangazi Kaltumu

Mpendwa mshauri Mama Night Poni, naomba msaada wako kabla Idi haijapita, maana baada ya Idi nina miadi na daktari wa meno na mpaka leo sijui nitakwenda nikiwa na nani, na ukinijibu uniite Shakirah tu, kwa Arua na Koboko akina Shakirah ni wengi, hakuna atakayejua ni mimi.

Nilizaliwa Koboko, nimeolewa hapa Oli, mtaa wa Arua, nauza vitenge. Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya, akanilea shangazi yangu Kaltumu, dada wa baba, ambaye yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto, na nyumba yetu ilikuwa nyumba ya askari hasa, babu alikuwa amestaafu jeshini lakini jeshi lilikuwa halijastaafu kwake, kila asubuhi tulipangwa mstari uani akatukagua kucha, masikio na meno kama tuko kwenye gwaride, na Shangazi kwa kuogopa nisiaibike mbele ya wenzangu alinisugua meno kwa makaa yaliyotwangwa na kitambaa kigumu mpaka yakang'aa, nami nikakua hivyo hivyo, hata nilipoanza kujinunulia mswaki nilichagua ule mgumu kuliko yote, na makaa sikuacha, na kila mtu akinisifu meno nilizidi kusugua.

Basi Mama Night, fizi za chini hapa mbele zikaanza kushuka, jino moja likawa refu kuliko mengine, nikinywa maji ya mtungi nasikia mpaka kwenye kisogo, nikaenda kwa Daktari Saturnino hapa mjini, akaniambia jino ni zima, halina tundu, ila ufizi umeliacha uchi mpaka mzizi unaonekana na nikiliacha hivyo litalegea, akasema atakata kipande chembamba cha nyama kwenye kaakaa langu mwenyewe, hapo juu mdomoni, akishone pale palipo wazi. Na alifanya vizuri, kwa hilo simlaumu hata kidogo. Kabla sijatoka akanionya, usivute mdomo kujitazama, usimwonyeshe mtu, usisugue pale, kula vitu laini vilivyopoa, kipande hicho bado hakijashika, ni kama mche uliohamishwa leo, ukiutikisa umeuua.

Lakini wewe unatujua sisi. Mtu akikatwa hata jipu watu wanakuja kumwona, na kumwona kwetu ni kuonyeshwa, hakuna anayebeba sukari mpaka kwako arudi bila kuona kidonda, atawaeleza nini waliomtuma? Wa kwanza walikuwa mashemeji zangu, nikafunika mdomo kwa leso, mmoja akasema, "Sisi natoka mbali kuona mgonjwa, halafu mgonjwa nafunika mdomo? Sisi iko wachawi?" Nikaona haya, nikashusha mdomo wakaona nyuzi, wakatikisa vichwa, wakaridhika. Walipofuata wengine ningewakatalia vipi, na wa kwanza wamekwisha kuona? Nikawa nashusha mdomo kila anapoingia mtu.

Ndipo akaja Shangazi kutoka Koboko na kuku wake kwapani. Macho yake yameingia ukungu siku hizi, ila kule kwetu kidole chake kinajulikana, mtoto akianza kulialia na kutoa udenda anapelekwa kwa Kaltumu, ananawa, anapitisha kidole kwenye ufizi, anasema jino liko njiani au bado, na ni yeye aliyekuwa akiwafukuza wale wanaochimba fizi za watoto kutafuta yale wanayoyaita meno ya plastiki, eti ndiyo yanayowaletea homa, amenusuru watoto wengi kwa kidole hicho. Akaketi karibu nami akasema, "Leta hapa, mama. Macho yangu haioni sasa. Kidole ndio naona." Nami nikaachama, Mama Night, hakunilazimisha, niliachama mwenyewe kama nilivyoachama utotoni. Akapitisha kidole juu ya nyuzi, akatabasamu, "Iko laini sana. Kama ya mtoto."

Kesho yake kipande kikageuka cheupe, kikaanza kuning'inia, kikatoka na uji. Nikalia. Shangazi alikuwa bado yuko kwangu, akaja mbio kuuliza kuna nini, na wageni wamejaa sebuleni, nikamwambia mbele yao wote, "Ulinikwangua fizi nikiwa mdogo, sasa umekuja kumalizia kazi yako." Hakujibu kwa hasira. Alikitazama kidole chake, akakifunga ndani ya ncha ya leso yake, akasema, "Haya, mama. Mimi nasikia." Akaenda stendi, mpaka leo hajarudi wala hashiki simu yangu.

Juzi Stella Kiden, jirani yake wa Koboko, alikuja kununua kitenge akaniambia kuna mama alimpelekea mtoto anayeota meno, Shangazi akaficha mikono nyuma, akasema, "Peleka kwa mwingine. Kidole yangu iko na kisirani." Tangu nisikie hayo sili nikashiba.

Daktari amekubali kurudia, atakata upande mwingine wa kaakaa, lakini amesema safari hii nikiharibu asilaumiwe. Mume wangu Nasuru anasema, "Jino moja tu hiyo, ng'oa tupumzike." Nikifunga mlango mashemeji watasema najivuna, wameshaniambia, "Mutu nafunga mlango wakati wa kuugua, siku ya kufa nani nakuja?" Nikimwita Shangazi naogopa atakataa, nisipomwita na akasikia nimekatwa tena bila yeye, basi nimemzika akiwa hai. Sina mama mwingine. Nifanye nini?

Ni mimi Shakirah, Oli.

*

Shakirah binti yangu, mmoja kati ya wengi,

Barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Pole. Pole ya jino, na pole zaidi ya hilo lingine. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Daktari alimwonya nani? Alikuonya wewe. Je, Shangazi yako alikuwepo kwenye kile kiti? Mashemeji walikuwepo? Masikio yaliyosikia "usimwonyeshe mtu" yalikuwa yako, na mkono ulioshusha mdomo tangu mgeni wa kwanza ulikuwa wako. Kipande hicho kilikwisha kutikiswa kabla bibi wa watu hajateremka kwenye gari na kuku wake. Huenda kidole chake kilimalizia, huenda kipande kilikuwa kimekufa tayari, hata daktari hawezi kukuapia. Lakini wewe ulihukumu papo hapo, mbele ya wageni. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, ila umeuvunja moyo wa mtu mzima.

Na hayo makaa! Alikusugua akijua nini? Alijua babu atakukagua, na hakutaka yatima wake achekwe. Ulipokua ukawa na hela zako, nani alikuwa akikuchagulia mswaki mgumu? Usimbebeshe mzigo wote mzee wa macho yenye ukungu kwa kuwa ndiye asiyejibu. Tunafanya hivyo wengi, tunawapigia kelele wale tunaojua hawatatuacha. Mimi mwenyewe nilikuwa na mama wa namna hiyo, na sasa ningempigia magoti, ila hayupo.

Wako yupo. Kwa hiyo acha kupiga simu. Panda gari uende Koboko kabla ya Idi. Usitume Stella, usimtume Nasuru, usipeleke kitenge kizuri ukidhani kitakusemea. Fika, ukae naye kwenye mkeka, useme kwanza kabla hujanywa chai: "Shangazi, kosa ni langu. Daktari alinikataza mimi." Na kwa kuwa ulimvunja mbele ya watu, mtengeneze mbele ya watu. Waite majirani wanaompelekea watoto, huyo mama aliyerudishwa awe wa kwanza, wasikie kwa kinywa chako kwamba kidole kile hakina kisirani. Akinyamaza, nawe nyamaza, lala hapo hapo. Akikufukuza, rudi tena. Hatakufukuza.

Kuhusu jino, mwambie Nasuru hilo si tairi la lori, halibadilishwi. Jino zima haling'olewi kwa sababu wenye nyumba wamechoka. Nenda kwa daktari, makaa yatupe leo, nunua mswaki laini, na umwombe akuonyeshe namna ya kusugua taratibu. Masharti atakayokupa yarudie nyumbani kwa sauti, kila mtu asikie.

Na wageni waje! Nani alikuambia ufunge mlango? Watu wetu hawanuni kwa kutoona kidonda, wananuna kwa kukosa wa kuwapokea. Kidole kimoja hakivunji chawa, na wewe mwenye mdomo wa nyuzi huwezi kuwapokea na kuwazuia kwa wakati mmoja. Anatakiwa mtu mzima, mwenye heshima yake, ambaye hata mashemeji zako hawawezi kumwita mchawi, akae pale mlangoni na birika la chai, awaambie, mgonjwa yuko salama, amelala, kaeni tumwombee. Akisema yeye hapana, ni hapana. Unamjua huyo mtu. Ndiye unayekwenda kumwita. Usimwambie aje akuuguze, atasema mikono yake ina kisirani. Mwambie unahitaji mlinzi, na kwamba hakuna mwingine unayemwamini na mdomo wako. Binti wa askari hawezi kukataa lindo.

Tena mvumilie. Siku za kwanza atakuwa anaficha kile kidole ndani ya leso. Usikitaje, usikitazame, ngoja nyuzi zitoke.

Siku daktari atakaposema ufizi umeshika kabisa, usikimbilie kioo. Rudi nyumbani ukae chini mbele yake, uachame kama ulivyoachama utotoni, umwombe akuambie kama kazi ni nzuri. Macho yake hayataona. Anawe mikono kwa sabuni kwanza, halafu aguse.

Mama Night Poni