Skola Ametema Uraka Wangu

Jumanne, mwezi wa kumi na moja

Eti kazi ya pombe itamharibu mtoto! Shemeji katoka Ruangwa mpaka hapa Nachingwea kunizuia nisimpeleke binti yangu Skola Dodoma, kujifunza kutengeneza mvinyo wa zabibu. "Tena mshahara hakuna, Mama Skola, posho tu ya sabuni mpaka amalize mafunzo!"

Anayasema hayo kashika kikombe cha uraka, pombe niliyokamua mwenyewe kwa mabibo ya mikorosho ya shamba letu la Marambo.

Skola akamweleza kwamba kule wanaonja kutwa nzima ila hawamezi, wanatema. Hata mimi nilishtuka. Huku kwetu ukitema uraka wa mtu umemtukana.

Nikammiminia. "Haya mwanangu, anzia kwa mama yako."

Akaonja, akafumba macho. "Bado mtamu mno, mama. Uache mpaka kesho." Akatema chini.

Shemeji akaruka. "Mbele yangu!"

"Kashaanza kazi, shemeji. Humu ndani anayemeza ni wewe."

Naogopa, Mungu wangu. Hajawahi kulala hata Masasi. Akiugua huko, nani atam...

Basi. Korosho zake nimeshafunga. Jumatatu anapanda gari.