Gari Lililookolewa na Serikali

Germantown, Novemba 1998

Mjukuu wangu Salimu,

Sisi huku wazima. Mama yako mdogo amepata zamu ya mchana, na baridi imeshaingia kwenye magoti yangu. Lakini barua yako imenichosha kabla sijaimaliza. Kurasa tatu unaniuliza ununue gari la kampuni gani, kana kwamba bibi yako ni fundi.

Zamani, nikiwa mpishi wa ofisa wa ubalozi wetu huku ugenini, uchumi wa huku ulikuwa mbaya. Kampuni moja ya magari ilikaribia kufilisika, serikali ikaiokoa. Mimi nimezoea mashirika ya umma ya kwetu, nikaona kampuni inayobebwa na serikali haifi. Nikakimbilia kununua gari lake. Jirani yangu Walter, aliyeendesha magari ya kampuni hiyo tangu ujana, aliposikia habari hiyohiyo akauza lake, akanunua la Kijapani.

"Siwezi kununua gari kwa mtu anayekula kodi yangu," aliniambia.

Gari langu lilinitesa. Baridi ikija haliwaki. Na kila likigoma alikuja Walter na spana zake, anaitukana kampuni, anaitukana serikali, huku mikono yake inaijua kila nati bila kutazama.

Kwa hiyo nunua unalotaka, usinisumbue. Lile la Kijapani halikuharibika hata siku moja. Walter alikuwa analiosha Jumapili asubuhi, dakika tano tu, kisha anavuka barabara kuja kuniuliza langu limeamkaje.

Bibi yako,
Mwanakombo