Alizeti za Uwanja wa Betri

Ijumaa asubuhi, Lodwar.

Upepo umeanza mapema leo. Vumbi limeshaingia kwenye chai, kwenye nywele, kwenye simu hii ninayoandikia. Nimekaa kitaluni katikati ya miche inayongoja maji na sijamwagilia hata mmoja. Nina hasira, na nikimpigia mtu simu saa hii nitamtukana. Bora niandike.

Kwa mnaopita hapa mara ya kwanza, naitwa Akiru. Nina kitalu karibu na mto Turkwel, nauza miche ya mwarobaini, mipapai, na nyasi za kuzuia mmomonyoko. Miezi kadhaa iliyopita ulikuja mradi mmoja, jina lake sitalitaja, ukitaka miche mingi ya alizeti. Nikauliza, ya kukamua mafuta? Wakasema hapana, ya kusafisha udongo.

Pale Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, nyuma ya soko, kuna uwanja ambao kwa miaka mingi watu walikuwa wakipasulia betri kuukuu, za malori na za sola. Maji ya betri yanamwagwa chini, halafu risasi, yale madini mazito ya ndani, inayeyushwa kwenye sufuria na kuuzwa. Wapasuaji wamehama, ila udongo waliuacha umejaa sumu, na watoto hucheza mpira papo hapo. Wazo la mradi lilikuwa zuri, na nalipenda mpaka leo. Alizeti huvuta madini hayo kwa mizizi pamoja na maji, ikayapandisha kwenye shina na majani. Unapanda, unang'oa, unapanda tena, msimu baada ya msimu, na udongo unapungukiwa kidogo kidogo.

Lakini sumu haifi kwa sababu imeingia kwenye ua. Ukifuta sufuria kwa kitambaa, masizi yanahamia kwenye kitambaa, na hakuna mtu mwenye akili anayekichukua kitambaa hicho akafungia chapati. Alizeti zile zikishakomaa zinatakiwa zing'olewe na mizizi yake, zikaushwe, zifungwe ndani ya mapipa, zipelekwe panapohifadhiwa taka za hatari. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kupanda ni mwanzo tu.

Siku niliposhusha miche nilimwambia afisa wa mradi, kijana mpole mwenye fulana ya mifuko mingi, azungushie uwanja miiba. Miiba ya mathenge imejaa kila mahali, hainunuliwi. Tena nikamwambia awaeleze watu kwa lugha wanayoielewa kwamba hakuna jani la pale linaloingia mdomoni, mwa mtu wala mwa mbuzi. Hapa kwetu kitu cha kijani hakiachwi kisimame tu, kina mwenye kukihitaji kabla hakijafika magotini.

Akasema yote yatakuwa kwenye kibao.

Kibao kikaja kweli. Kikubwa, cha Kiingereza, kimejaa nembo za wafadhili, na onyo limeandikwa chini kabisa kwa herufi ambazo lazima upige magoti uzisome. Badala ya miiba wakafunga utepe wa plastiki, mwekundu na mweupe. Mbuzi walianza na utepe.

Jana ilikuwa siku ya mavuno, nami nilialikwa. Nitasema ukweli, nilipoziona zile alizeti nilifurahi kama mjinga. Zilikuwa zimenipita kimo, vichwa vizito vimeinama, katikati ya udongo uliokuwa mweusi na mkavu ambao hata magugu yalikuwa yameukataa. Miche yangu! Wageni walikuja na kofia zao, wakapiga picha, wakahutubia kwa Kiingereza. Akina mama wa Kakuma walipiga makofi kila wageni walipopiga. Kisha vibarua wakang'oa alizeti zote wakazilundika kando ya barabara, na wageni wakakimbizwa kuwahi ndege.

Nikamuuliza afisa mapipa yako wapi.

"Lori bado halijapata idhini kule Nairobi," akasema, huku akitafuta ufunguo wa gari. "Zikae hapo kando kwa sasa. Ni mimea tu, Akiru."

Mimea tu!

Nilienda kunywa chai hotelini, nikidhani amemwacha mtu wa kulinda. Niliporudi, lundo lilikuwa limebaki nusu. Wanawake walikuwa wakienda njia zote wakiwa na mizigo kichwani, majani ya mbuzi, mashina ya kuni, na watoto nyuma yao wanatafuna mbegu. Chakula cha mgao kimepunguzwa, kuni ni za kuzozania kila siku. Mtu anayeacha lundo kama lile barabarani Kakuma na kusema likae kando, haijui Kakuma au hajali. Nimeshindwa kuamua lipi ni baya zaidi.

Na aliyekuwa akigawa ni Mama Riziki.

Mama Riziki ni mkimbizi kutoka Kongo, ndiye aliyeajiriwa kuzimwagilia alizeti tangu siku ya kwanza. Kila asubuhi na jioni, dumu kichwani, na Riziki wake wa mwaka mmoja na kitu mgongoni. Alikuwa anagawa kwa furaha ya mtu aliyevuna shamba lake, na ana haki ya kufurahi, maana bila yeye zingekauka wiki ya kwanza. Mzigo mkubwa kuliko yote alikuwa amemfungia rafiki yake Mama Ekai, mjane wa Kiturukana anayekaa pale ukingoni mwa kambi na mbuzi wake wachache. Nilimkuta Mama Ekai anauinua mzigo. Tukasalimiana, ejok, ejok, halafu nikaushika ule mzigo nisiuachie.

"Mama, hii usipeleke," nikamwambia.

Akadhani namtania. "Mbona? Mbuzi yangu inapenda hii sana. Imekula tangu majani yake ilipoanza kuwa pana."

Kumbe haikuwa habari ya jana peke yake. Kwa wiki nyingi Mama Riziki alikuwa akipunguza majani ya chini na kumpelekea rafiki yake. Mama Ekai, kwa kuwa si mtu wa kupokea bila kurudisha, alikuwa akimpelekea kikombe cha maziwa kila siku. Cha Riziki.

Nikaeleza. Nilieleza Kiswahili, nikaeleza Kiturukana, nikaeleza mfano wa kitambaa na sufuria. Nikasema mbegu huenda hazina nyingi, ila majani na shina ndiko sumu inakokaa, na risasi ikiingia kwa mtoto mdogo inaharibu damu na akili polepole, bila kelele. Nilipomaliza, Mama Riziki alimshusha mtoto mgongoni akamtazama usoni, kama anayetafuta alama.

"Dada, balituambia hii maua inasafishaka udongo," akasema. "Kitu yenye kusafisha, itakuwa namna gani muchafu? Sabuni iko muchafu?"

Mnisaidie, kuna kosa gani katika hesabu yake? Ameambiwa neno moja, kusafisha, na hilo moja amelitumia kwa akili yote aliyopewa na Mungu. Miezi yote hiyo alipoinama pale na dumu lake, watu wenye shahada walipita, wakampiga picha, wakamwita shujaa wa mazingira. Hakuna aliyechukua dakika ya kumwambia sumu inaelekea wapi.

Nilimpigia afisa. Alikuwa njiani na sauti yake ilikuwa tulivu, ile sauti ya ofisini inayotaka uone aibu kwa kupandisha yako. Akasema nisiwatie watu wasiwasi. Sampuli hazijarudi kutoka maabara, kwa hiyo hakuna uthibitisho wa madhara yoyote. Halafu, kwa upole uleule, akanikumbusha kwamba awamu ya pili inakuja na itahitaji miche.

Nilielewa vizuri sana alichoniambia. Nikakata simu.

Mama Ekai ndiye aliyeamua. Alitupa mzigo wake chini, akajifunga shuka vizuri, akasema twende. Tukapita nyumba kwa nyumba, sisi watatu. Kwa Waturukana alizungumza yeye, na Mama Riziki akazungumza na Wakongo na Warundi. Mimi nilibeba. Hamjui aibu ya kumwendea mtu na kumwomba arudishe ulichompa asubuhi ile ile, tena kitu cha kulisha mbuzi wake. Mama Riziki alikuwa analia huku akiomba, na mlango unaofuata analia tena.

Wengine walitoa mara moja. Mmoja alikuwa ameshawasha, mashina yanawaka chini ya maharage. Alimwaga maji motoni, moshi ukajaa, akatukana kwa Kirundi, na sikuhitaji mkalimani. Mwingine alisimama mlangoni na mikono kiunoni akaniuliza mimi, niliyevaa viatu vizuri, "Mukichukua hii kuni, mutanipa zingine?"

Sikuwa nazo. Akanipa mashina yake hata hivyo, na aliufunga mlango kwa nguvu.

Hatukupata zote. Siwezi kujidanganya hapa. Kuna mizigo ilikwenda mbali, na kuna mbuzi wanaokula haraka kuliko mtu anavyotembea.

Tulizopata tukazirundika. Swali likawa zinakaa wapi, maana popote penye uwazi pana mbuzi. Mama Ekai akauliza kama ofisi ya mradi haina ukuta. Ina ukuta. Una hata nyaya juu.

Tukawa msafara. Sijui wale akina mama walitoka wapi, ila tulipofika langoni tulikuwa wengi kuliko tulipoanza, kila mmoja na mzigo wake. Mlinzi, Mturukana mwenzetu, alitoka mbio akisema hapa si jalala. Mama Ekai akamwambia, "Sisi hatutupi. Tunarudishia wenyewe mali yao." Yule mlinzi akatazama mzigo, akamtazama mama wa umri wa mama yake, akafungua lango. Tukazipanga vizuri mbele ya mlango wa ofisi, mashina chini, vichwa juu, mpaka kizingiti kikafunikwa. Kisha tukanawa mikono kwa bomba lao na sabuni yao.

Mlinzi alikuwa ameshatoa taarifa, maana simu yangu ililia kabla sijakausha vidole. Afisa. Ule utulivu ulikuwa umekwisha.

"Nani amewaruhusu kuleta sumu ofisini?"

Sumu.

Sampuli zilikuwa hazijarudi bado. Maabara ilikuwa haijasema neno. Kilichobadilika ni mahali tu, kutoka jikoni kwa Mama Riziki hadi mlangoni kwa afisa, na mimea tu ikapata jina lake. Niliweka simu kwenye spika ili wote wasikie, nikamwomba arudie. Hakurudia.

Nilirudi Lodwar mwili wote ukiuma. Leo nimeamka na hasira ileile. Mbele yangu hapa kuna trei za awamu ya pili, alizeti changa, zimeota vizuri, na hazina kosa lolote. Bado naamini mmea unaweza kutusaidia kutoa uchafu tulioumwaga wenyewe. Udongo wa pale uwanjani leo una sumu pungufu kidogo kuliko ulivyokuwa. Ila nimeshaamua kwamba hakuna mche utakaotoka kitaluni kwangu kabla sijaona miiba, mapipa, lori, na mtu anayezungumza na watu kama watu. Wakipata pengine, wapate. Nitaenda kusimama hukohuko pia.

Mama Riziki amemfikisha mtoto zahanati. Wamempima joto na uzito, wakasema anaonekana mzima. Kipimo cha risasi kwenye damu hawana. Nauliza hospitali za hapa Lodwar ni wapi damu inaweza kutumwa, na nauli ya kumleta nimeshaituma.

Nilikuwa nataka kuishia hapo, lakini Mama Ekai amenipigia sasa hivi. Amesema amekamua, na amemwaga yote mchangani. Wajukuu wake walikuwa wamesimama na vikombe wakimtazama akimwaga. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu, kwa upole, nimwage mpaka lini?

Sijui. Mimi ni mtu wa miche.

Basi naoga, naenda Kakuma. Nitampitia afisa ofisini kwake kwanza, nimpakie kwenye gari akitaka asitake, mpaka pale zizini kwa Mama Ekai, wajukuu wakiwepo na vikombe vyao. Swali lile atalijibu yeye. Mimi nitatafsiri, neno kwa neno.